Spiriti ya Kaa

Mguu uling'oka kwa mlio mdogo, kama kijiti kikavu kinachovunjwa. Selina akauinua kwa kibano, akautazama kwenye mwanga wa dirisha, kisha akautumbukiza ndani ya kichupa kisichozidi kidole gumba na kumimina spiriti mpaka ukafunikwa. Kaa mwenyewe, aliyekufa kwa usingizi wa barafu asubuhi ile, akamlaza kwenye chupa kubwa. Mguu kwenye kichupa, mwili kwenye chupa, na namba moja kwa wote wawili, ili wasipoteane. Namba huandikwa kwa penseli. Wino ukilowa spiriti hutoka wote, na kaa akabaki hana jina.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, katika chumba cha ghorofa ya pili kwenye barabara itokayo Mnazi Mmoja kwenda Kariakoo. Chini kulikuwa na duka la vitambaa la bwana Ashok, mwenye nyumba. Mkewe, mama Shobhana, hakuwahi kuonja nyama tangu azaliwe, na alichoomba ni kimoja tu: ndoo ya kaa ikipandishwa ngazi ifunikwe kitambaa, asione macho yao. Selina aliifunika. Hata hivyo mama Shobhana akisikia makucha yanakwaruza ndani ya ndoo aligeuza uso na kujifanya anahesabu vifungo vya mashati.

Chumba alikikodi Dakta Gaudens, mtu wa Songea, aliyesomea viumbe vya baharini. Alitaka kuwajua kaa wote wa pwani yetu, kuanzia wale wa mikoko hadi wale wadogo wanaojificha kwenye matumbawe. Miguu ilipelekwa ng'ambo, mashine ikasoma vinasaba vyake na kutoa mistari kama ile iliyo nyuma ya sabuni na dawa za meno, bidhaa zilizokuwa zimejaa Kariakoo tangu milango ya biashara ilipofunguliwa. Kila aina ya kaa na mistari yake.

Siku Selina alipomweleza hayo mlinzi wa usiku, mzee Mwinyimvua, mzee alicheka mpaka akashika ukuta.

"Basi soko huria limekamilika," alisema. "Hata kaa kapigwa chapa ya bei."

Mwinyimvua alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, Selina Mnyamwezi wa Tabora, na watu wa makabila hayo ni watani tangu enzi za misafara. Mtani hakasirikiwi. Mtani anaweza kukuvua kofia njiani, kukunyang'anya ndizi mdomoni, na siku ukifa akalala ndani ya kaburi lako akadai hatoki mpaka apewe kitu. Watu wakacheka katikati ya kilio. Kwa hiyo kila asubuhi, Selina akija kupokea funguo, walianza siku kwa matusi matamu. Mzee alimuuliza leo kabeba mzigo wa nani kichwani. Yeye akamjibu kwamba Mzaramo ukimwona anakimbia ujue kuna mahali ngoma imelia. Baada ya hapo wakategana vitendawili kidogo, mzee akavaa makoti yake na kwenda kulala.

Lakini chini ya utani kulikuwa na wema. Mwaka Selina alipofika mjini na binti mgonjwa mgongoni, mzee huyu ndiye aliyemtafutia chumba kwa dada yake kule Ilala, na ndiye aliyemsemea kwa Dakta apewe kazi. Hayo hayakutajwa kamwe kati yao.

Kulikuwa na jambo lingine lisilotajwa. Spiriti ilikuwa inapungua.

Selina alilijua zamani. Kaa hunywa spiriti yake, sawa. Siku ya pili huna budi kuimwaga ile ya kwanza na kutia mpya, maana maji ya mwilini mwake huiharibu. Jua nalo lina sehemu yake. Lakini jua halinywi usiku. Na asubuhi mzee alinukia karafuu, alizotafuna moja baada ya nyingine, macho yake yakiwa yamelowa. Alikuwa mtu wa swala tano. Msikitini Ilala alikaa safu ya mbele. Mkewe, Bi Mwanne, aliuza vitumbua na kuwaambia wateja kwamba mume wake hata togwa iliyochacha haigusi.

Selina alinyamaza. Alijiambia spiriti kadiri ya kikombe cha kahawa haimuui mzee anayekesha na mbu, na ile spiriti ilikuwa safi, ya miwa, kutoka kiwanda cha sukari. Dakta mwenyewe aliwahi kusema kwamba ukiichanganya na maji ni pombe tu kama nyingine.

Halafu kiwanda kikauzwa. Wamiliki wapya hawakutaka habari za madumu mawili matatu ya mtu wa kaa. Dakta Gaudens alihangaika, mwisho akapata spiriti kwa mfanyabiashara wa mtaa wa Msimbazi, anayewauzia mafundi wa rangi na fanicha. Ililetwa Ijumaa kwenye dumu jeupe lililochorwa fuvu jeusi na mifupa miwili.

Dakta alimwita Selina kando, madirisha yote yakiwa wazi.

"Mama Selina, hii ukiitazama ni kama ile ya zamani," alisema. "Rangi hiyo hiyo, harufu karibu hiyo hiyo. Kaa haitawadhuru. Ila ina kitu ndani kinachopofua mtu. Muuzaji kanieleza wazi kabisa. Vaa glavu, na mtu yeyote asiionje."

Siku hiyo hiyo alipakia ndoo na nyavu zake akaenda delta ya Rufiji kutafuta kaa wa mikoko. Hakujua lolote kuhusu mzee. Selina alifungua mdomo pale ngazini, Dakta akamsubiri aseme, naye akauliza kama glavu zilizobaki zitatosha.

Jioni, kabla ya kuondoka, aliligeuza dumu ili fuvu litazame mlangoni. Mtu akiingia, wakutane uso kwa uso. Kisha akachora mstari wa penseli kwenye ubavu wa dumu, pale spiriti ilipofika.

Jumamosi asubuhi fuvu lilikuwa linatazama ukuta.

Selina aliinama. Spiriti ilikuwa chini ya mstari, kwa kadiri ya kikombe cha kahawa, si zaidi. Akashuka mbio. Mzee alikuwa kwenye kiti chake chini ya ngazi, anafunga kamba za viatu, mzima kabisa.

Hakuweza kumwambia moja kwa moja. Mzee wa umri wa baba yako humwambii kavu kwamba umemwona akiiba pombe. Akaona apite njia waliyoizoea.

"Kitendawili," alisema.

"Tega."

"Wageni wangu wamelala, hakuna aliyeamka, asubuhi maji yao yamepungua."

"Jua."

"Siyo."

"Panya."

"Siyo, mzee."

Mwinyimvua akanyanyua kichwa. Aliona kwamba sauti ya Selina leo haikuwa ile ya kila siku, lakini alikuwa amezoea kumshinda kwa kicheko. "Haya, nimeshindwa. Nakupa mji, chukua Kisarawe yote, na minazi yake."

"Kisarawe nimekwenda, nikawakuta wanawe wanalia," alijibu Selina. "Wanauliza nani kampofua baba yao. Jibu ni wewe, mtani. Ile ya sasa siyo ile ya zamani. Umewaona wale kaa wawili wa Dakta, wanaofanana kama mapacha, mpaka mashine ikasema hawa si ndugu? Ndivyo ilivyo hii. Ina sumu ya macho. Dakta kasema kwa kinywa chake."

Kwa muda mfupi, mfupi sana, uso wa mzee ulikaa mtupu. Selina alidhani amefika. Kisha macho yale yaliyolowa yakakunjamana pembeni.

"Kama kuna mtu aliyekunywa jana," alisema taratibu, "basi mtu huyo hajambo. Anakuona vizuri, na bado u mbaya vile vile. Mnyamwezi wewe, sema tu unataka kunywa peke yako."

"Mzee, sifanyi utani."

"Na lini Mnyamwezi aliwahi kukubali kwamba anafanya utani?"

Akacheka, akavaa koti, akaenda zake. Selina alibaki ameshika nguzo ya ngazi. Miaka yote amemwambia mzee huyu kwamba atakufa kwa uvivu, atakufa kwa wivu, atakufa kwa kula mihogo mibichi, na kwamba siku hiyo yeye ndiye atakayerithi kofia yake. Leo alikuwa na maneno yale yale ya kutumia. Hakuwa na mengine.

Mchana alitafuta simu. Kwa mchuuzi mmoja wa Msimbazi aliyekodisha simu ya mkononi kwa dakika, alipiga namba ya Dakta mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sauti ya mwanamke ikamwambia kwa upole kwamba namba anayopiga haipatikani kwa sasa. Hakuwa na hakika angesema nini. Angemwambia Dakta, na mzee angefukuzwa kazi, na sababu ingejulikana mpaka safu ya mbele ya msikiti, mpaka kwenye kikaango cha vitumbua cha Bi Mwanne. Aliporudisha simu alijiona kama amepona kidogo, na akajichukia kwa hilo.

Akaamua kununua kufuli.

Kariakoo siku hizo kufuli zilimwagwa chini kama karanga, zinang'aa, zimetoka mbali, bei ya kutupa. Alichagua kubwa. Akarudi, akaliingiza dumu kwenye kabati la mbao alimohifadhi vichupa, akalifunga, akauvuta mlango kwa mikono miwili. Haukufunguka. Ufunguo akauvaa shingoni pamoja na rozari yake. Jumapili alikwenda kanisani akaimba vizuri kuliko siku zote.

Kitu asichofikiria ni kwamba mzee naye alinunua kufuli zake pale pale. Kufuli ya geti, ya stoo ya bwana Ashok, ya choo cha uani, zote za mwaka huo, zote za aina ile. Na kila mama wa Ilala angeweza kumwambia Selina kuhusu kufuli zile: ufunguo wa jirani hufungua kwako.

Jumatatu alipofika, mzee alikuwa amesimama mlangoni, hakukaa kama desturi yake. Ameshika nguzo. Kofia imekaa upande.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Akageuza kichwa kutafuta sauti ilikotoka. "Mtani, leo umetuletea nini? Umekuja na ukungu wa kwenu Tabora?"

Mtaa mzima ulikuwa unawaka jua. Mabati yalikuwa yanaumiza macho. Selina akacheka. Ndiyo, alicheka, kwa sababu hilo lilikuwa zuri, na kwa sababu alikuwa amelala usingizi mzuri na ufunguo shingoni.

"Huo ukungu ni wa matongotongo," alisema. "Nawa uso, Mzaramo."

"Nimenawa," alisema mzee. "Nimenawa mara nyingi. Kila kitu cheupe. Kama mtu ameninyunyizia unga." Akanyoosha mkono mbele, vidole vimetanuka, na mkono ukapita karibu na bega la Selina ukaenda kushika hewa. "Tumbo nalo. Wewe uko wapi?"

Selina alipanda ngazi mbili mbili. Kufuli ilikuwa imefungwa vizuri, imening'inia mahali pake, kama mtu mwenye adabu. Akafungua. Mstari wa penseli ulikuwa juu, na spiriti ilikuwa chini, chini kabisa, na fuvu lilikuwa linatazama nyuma ya kabati.

Alipoteremka alipiga kelele, na aliyekuja wa kwanza alikuwa mama Shobhana. Hakuuliza mengi. Alimwita mwanawe Paras alete pikapu, na walipomwinua mzee akatapika kwenye ngazi, ni yeye, asiyetaka kuona hata jicho la kaa, aliyeshika paji la uso la mzee kwa kiganja chake mpaka alipomaliza.

Njiani mzee aliuliza mara moja tu. "Mwanne ataambiwa nini?"

Selina alimwambia anyamaze.

Hospitalini walikaa kwenye foleni mpaka alasiri, ndipo daktari kijana akammulika mzee macho kwa tochi ndogo. Mboni zilibaki wazi, pana, kama milango ya nyumba iliyohamwa. Akamuuliza Selina mzee amekunywa nini. Wakati huo Bi Mwanne alikuwa amefika, kanga ya pili imefungwa vibaya, mikono ina unga. Selina alimtazama, akamtazama mzee, kisha akasema yote: spiriti, fuvu, kufuli, na ya zamani kabla ya hiyo. Alisema akitazama sakafu. Bi Mwanne alifuta tu unga kwenye vidole vyake, kimoja kimoja.

Daktari alisema sumu ile huchelewa kuuma, na kinachoizuia mwilini ni pombe yenyewe, pombe safi. Dawa ya kisasa zaidi ipo lakini hawakuwa nayo, na kuitafuta kungechukua muda ambao mzee hana. Basi mtu aende dukani akanunue pombe kali, yenye kibandiko na kifuniko kisichofunguliwa, naye atapima kiasi cha kumnywesha, kidogo kidogo, mpaka kesho. Macho hakuahidi. Kuhusu uhai alisema, "Tuanze kwanza."

Paras alikwenda akarudi na chupa kwenye mfuko wa gazeti. Daktari akapima, akachanganya, akaacha kikombe mezani na kuitwa kitanda kingine. Na hapo ndipo palipokwama.

Mwinyimvua alifunga mdomo.

Wodi ilikuwa imejaa. Vitanda viwili viwili vimesogezwa, ndugu wa wagonjwa chini kwenye mikeka, na harufu ya kile kikombe ilikuwa imeshatangaza. Watu walikuwa wametulia, wanasikiliza. Umeme wa mgao haukuwa umerudi bado na mwanga wa madirishani ulikuwa unapungua. Kutoka mbali adhana ya magharibi ilianza.

"Siinywi," alisema mzee. "Nimeficha maisha yangu yote. Sitainywa hapa, mbele ya mke wangu, na adhana inalia. Bora nife."

Bi Mwanne alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, ameuma pindo la kanga.

Basi Selina alinyoosha mkono, akaivua kofia ya mzee, akaivaa yeye. Akageukia wodi.

"Ndugu zangu wa humu, msinishangae," alisema kwa sauti ya juu. "Mimi ni Mnyamwezi, na huyu ni mali yangu. Babu zangu walitembea na pembe za ndovu mabegani kutoka Tabora mpaka pwani, wakamkuta babu wa huyu amelala chini ya mnazi, wakamwomba maji ya kunywa. Akawajibu dafu likianguka lenyewe watakunywa. Mpaka leo halijaanguka."

Mtu mmoja mkekani akacheka. Mwingine akafuata.

"Leo zamu yangu. Nimemletea maji ya kwetu, machungu, na atayanywa kwa amri yangu. Akikataa napanda kitandani humu nalala naye, na Bi Mwanne atafute pengine."

Wodi ikacheka, hata mgonjwa mwenye mguu uliofungwa juu. Selina hakucheka. Alikiinua kikombe kwa mikono miwili.

Bi Mwanne aliachia pindo la kanga. Akazunguka kitanda, akaketi, akaweka kichwa cha mumewe kwenye mkono wake kama mtoto anayelishwa uji.

"Kunywa, baba Sitara," alisema. "Umenyweshwa na mtani. Wewe humo."

Mzee alingoja adhana iishe. Halafu akafungua mdomo, si upande kilipokuwa kikombe, upande wa pili kabisa, na Selina akakizungusha mpaka kikamfikia. Alimeza. Akakohoa. Chozi likateremka likaingia sikioni.

"Chungu?" aliuliza Selina.

"Mbaya kama wewe," alisema mzee, na sauti yake ilikuwa ndogo sana.

Wakangoja kikombe cha pili. Giza liliingia wodini kwa utaratibu, likachukua kwanza pembe, kisha mikeka, kisha nyuso. Hakuna aliyewasha mshumaa. Selina aliona nywele nyeupe za mzee na ukingo wa mto, basi.

Ghafla taa zote zikamulika kwa pamoja, na wodi nzima, wagonjwa na wauguzaji, ikavuta ile "aah" ya watu wa Dar umeme unaporudi, kila uso umeinuliwa juu.

Selina hakuzitazama taa. Alikuwa amemwinamia mzee, kofia yake bado kichwani, anatazama mboni zile mbili pana, nyeusi, akingoja zijikunje kwa mwanga.